Mbao Haijakauka

Jumamosi, 1 Machi

Leo nimenunua daftari hili lenye jalada gumu. Mke wangu kauliza la nani. Nikamjibu ni langu, naanza kuandika maisha yangu, kwa sababu mtu kama mimi akiondoka hivihivi bila maandishi ni hasara kwa watu wengi. Akasema, "Anza kuandika lini utarekebisha mlango wa jikoni kwangu." Wake wa mafundi wote ndivyo walivyo.

Niliishia darasa la sita, lakini si kwa ujinga. Mwalimu wa hesabu aliona ninamzidi akanitilia fitina. Useremala nilijifunza kwa kutazama tu. Kuna kabati nililomtengenezea tajiri mmoja, lilitumbukia mtoni pamoja na lori lililolibeba, likakaa majini wiki nzima, na walipolifungua nguo zilikuwa kavu, hata pasi hazikuhitaji. Anayebisha amuulize dereva, ila dereva naye alizama.

Kilichonifanya ninunue daftari hasa ni Wakili wa Shoto. Shoto ni mpwa wangu, mtoto pekee wa mdogo wangu wa kike, nimemlea mimi karakanani tangu baba yake alipotoka kwenda kununua betri za redio asirudi mpaka leo. Yuko gereza kuu, amehukumiwa kunyongwa. Alimpiga mwenye duka kwa mpini wa jeki walipogombana, na yule mtu akafa palepale kwenye mizani yake. Sitaandika kwamba hakufanya. Alifanya, na kwa mkono uleule wa kushoto niliomfundisha kushikia randa.

Huyo Wakili ni binti mdogo, viatu vimejaa matope, anaongea kama anayekufukuza. Alisema, "Mzee, nchi hii haijanyonga mtu siku nyingi. Mnyongaji wa zamani ameshakufa. Sasa wakubwa wanataka kuanza tena, ila hawakubaliani waue kwa namna gani. Wameunda Tume. Kamba, sindano au risasi."

"Na sisi tunataka ipi?"

"Hakuna. Wanapobishana, hakuna anayekufa. Kila namna ikionekana haifai, hukumu zote zitageuzwa kifungo cha maisha. Sindano nina mtu wa kuikataa. Risasi nina mtu. Kwenye kamba ndipo ninapokuhitaji. Nimesikia kwa kinyozi kwamba mtambo wa kunyongea uliujenga wewe."

Ujana wangu nilifanya kazi kwenye karakana ya gereza. Kwa kinyozi huwa nasimulia kwamba mtambo ule niliujenga peke yangu, nikasimama juu yake kuujaribu. Hapa ninaweza kuandika kwamba tulikuwa wawili, na kwamba tulibadilisha bawaba na kupaka grisi. Lakini yule mwenzangu ni marehemu, kwa hiyo aliyebaki anayeujua ni mimi, hilo halina ubishi.

Nikamwambia Wakili amekuja mahali penyewe.

Jumatano, 5 Machi

Mvua zimeanza. Paa la karakana linavuja palepale pa mwaka jana.

Jumamosi, 8 Machi

Kwa kinyozi leo ilikuwa Tume nzima. Kinyozi anataka sindano. "Mtu analala zake kama anayengoja kung'olewa jino," anasema, na wembe uko kwenye shingo ya mteja.

Misumari alikuwepo. Huyu ni mtu anayejiita fundi, karakana yake iko ng'ambo ya barabara kunitazama mimi, na tunamwita Misumari kwa sababu hajui kiungo cha mbao hata kimoja, kila kitu chake ni misumari tu, kitanda chake ukigeuka usiku kinakuchoma. Misumari akasema, "Risasi. Pa, kila mtu kwake."

"Na atakayefyatua ni nani?" kinyozi akamuuliza. "Wewe? Wewe ukishika kuku mke wako ndiye anayechinja."

"Kuku ana macho ya kusikitisha."

Watu wakacheka, mimi pia. Halafu mteja aliyekuwa kitini akakumbuka mimi ni nani kwa Shoto, akamkanyaga Misumari mguu. Kinyozi akasema, "Tuwie radhi, fundi." Nikawaambia waendelee. Hawakuendelea. Mpaka dakika ile walikuwa wanaongea kama watu wanaochagua rangi ya kupaka ukuta.

Alhamisi, 13 Machi

Leo nimeingia chumba cha mtambo. Mimi, Wakili na Mkuu wa Gereza, kwa kibali cha Tume.

Chumba ni kidogo. Kwa kinyozi nimekuwa nikikipanua kila mwaka mpaka kikawa kama kanisa, kumbe ni stoo. Boriti juu, sakafuni milango miwili ya mbao inayokutana katikati, komeo chini yake, na mkono wa chuma pembeni wa kuvutia komeo. Chini yake kuna chumba kingine chenye sakafu ya saruji. Mfereji wa paa umepasuka juu hapohapo, kwa hiyo mvua inaingia tu. Mbao zimevimba. Komeo limeshikwa na kutu. Boriti nimeigonga kwa kifundo cha kidole ikajibu kama boga.

Mkuu wa Gereza akavuta mkono wa chuma. Kimya. Akamwita askari wakavuta wawili. Mlango mmoja ukaanguka, wa pili ukabaki umening'inia nusu, unatetemeka.

Wakili alifumba macho. Alipoyafumbua niliona anafurahi, na mimi nilikuwa nafurahi. Tulisimama pale watu wazima wawili tumefurahia ubovu wa mlango.

Mkuu wa Gereza ni mtu mrefu, mpole, anaongea kwa sauti ya chini kama mtu aliye wodini. Akaniuliza, "Na mtu akiwa amesimama hapo katikati, ingekuwaje?"

Nikamweleza. Sitaandika.

Jumatatu, 17 Machi

Mdogo wangu alikuja. Amekonda, nguo zote zinamzidi. Alikunywa chai yangu bila kuiona.

"Kaka, siku ya Tume utasema nini?"

"Nitawamaliza."

"Usiwamalize. Sema ulichokiona halafu unyamaze. Milango imevimba, chuma kina kutu, boriti imeliwa. Basi. Usitie chumvi."

"Mimi natia chumvi?"

Alinitazama. Mke wangu alikuwa anapita na ndoo, akacheka peke yake.

"Nakuomba, kaka," mdogo wangu akasema. "Mara hii moja tu."

Nikamwahidi. Nilimaanisha.

Jumanne, 25 Machi

Ukumbi wa Tume una feni zinazozunguka bila upepo. Mwenyekiti ni jaji mstaafu, anasinzia kwa adabu.

Daktari alisema chama chao hakitachoma mtu sindano ya kumuua, na anayetaka atafute asiyekuwa daktari. Ofisa wa jeshi akasema askari wake wamefundishwa kumpiga adui anayewapiga, si mtu aliyefungwa kwenye nguzo. Wakili alikuwa anaandika haraka huku anatabasamu. Sindano imekwenda, risasi imekwenda. Imebaki kamba, na kamba ni mimi.

Halafu wakamwita mjane wa mwenye duka. Alisimama, hakutaka kiti. Akasema, "Nawasikia tangu asubuhi mnauliza njia ipi haiumi. Mume wangu hakuulizwa." Akarudi kukaa.

Mimi ni mtu wa majibu. Njia nzima ya kurudi nyumbani nililirudiarudia neno lake.

Jumatano, 26 Machi

Naandika leoleo, nisije nikaibadilisha.

Niliitwa baada ya chai. Nilivaa koti la harusi. Wakili akaniuliza, nikajibu sawasawa, mafupi. Milango imevimba. Chuma kina kutu. Nilimwona mdogo wangu safu ya pili anaitikia kwa kichwa kila jibu, kama mwalimu anayesikiliza mtoto akisoma.

"Na boriti?" Wakili akauliza.

"Ina mchwa. Wameshiba mpaka wana vitambi."

Ukumbi ukacheka. Hata jaji aliamka. Na mimi nikisikia watu wanacheka kwa ajili yangu, kuna kitu kinafunguka kifuani, sijui nikiite nini. Nikaketi vizuri.

Hapo akasimama Mjumbe mmoja mwenye miwani inayoning'inia kwa kamba shingoni. Akauliza kwa upole, "Mzee, wewe hasa ni fundi wa nini? Nimeambiwa vigoda."

Wakacheka tena, safari hii wananicheka mimi.

"Natengeneza kila kitu, mheshimiwa."

"Isipokuwa mlango. Maana tunaambiwa hapa kwamba huu mtambo haufai, imekwisha. Sasa nataka nielewe. Hauwezi kutengenezwa, au wewe ndiye usiyeweza?"

Wakili alitikisa kichwa, kidogo sana. Mdogo wangu aliweka kiganja mdomoni kwake, kana kwamba mdomo ule ndio wangu. Niliviona vyote viwili. Na bado nikasikia sauti yangu inatoka, nzito, nzuri, ile ya kwa kinyozi:

"Mheshimiwa, hakuna mlango uliowahi kunishinda. Nipeni mbao ngumu iliyokauka na bawaba mpya. Mlango ule nitaufanya uanguke kama kope za mtu mwenye usingizi. Atakayesimama juu yake hatajua hata kimempata nini."

Hakuna aliyecheka. Mjumbe akavua miwani.

"Hatajua kimempata nini," akarudia polepole, ili karani aandike. "Asante sana, mzee. Umetusaidia."

Nje mvua ilikuwa inamwagika. Mdogo wangu alinipita mlangoni. Nilimwita. Hakugeuka, wala hakufungua mwavuli.

Alhamisi, 27 Machi

Sina la kuandika.

Jumatatu, 14 Aprili

Ripoti imesomwa redioni. Kinyozi aliongeza sauti akaacha mteja nusu ya kichwa. Madaktari hawatalazimishwa, wanajeshi hawatatumika. Kamba inabaki, "kwa kuwa ushahidi wa kitaalamu umethibitisha kwamba mtambo unaweza kutengenezwa na kutenda kazi bila mateso."

Ushahidi wa kitaalamu ndio mimi. Maisha yangu yote nimetaka kuitwa mtaalamu.

Kinyozi akazima redio. "Nywele zako zimekuwa ndefu, fundi," akasema. "Keti nikupunguze." Nikaketi.

Jumanne, 15 Aprili

Wakili alikuja. Sikuona hasira usoni mwake, na ingekuwa afadhali. Shoto ndiye wa kwanza, kwa kuwa kesi yake imemaliza ngazi zote na msamaha umekataliwa. Kilichobaki ni muswada wa kufuta adhabu hii, utasomwa bungeni mwezi wa saba.

"Utapita?"

"Sidhani. Lakini ukiwa mezani, kwa kawaida hawanyongi. Tukifika mwezi wa saba tumepata mwaka, maana mjadala wao huenda polepole. Mwaka ni mwaka."

Barua ya gereza ya kuniomba nitengeneze mtambo ilifika jioni. Nimeichana nikawashia jiko la gundi.

Alhamisi, 17 Aprili

Kazi kapewa Misumari. Anatembea mtaani kama aliyeozesha binti. Mdogo wangu amesikia, na alipopita karakana yake ametema mate chini. Na mimi bado hanisemeshi.

Jumanne, 22 Aprili

Misumari alivuka barabara kuja kwangu. Akajikohoza.

"Fundi mkuu, nakuuliza kitu kidogo. Zile bawaba za milango ya choo, si zitafaa? Ninazo za aina mbili, nitaweka hizi huku na hizi huku."

"Na mbao?"

"Zile laini za masanduku. Nitapiga misumari mingi."

Nilimtazama mikono. Si mtu mbaya. Ana watoto wengi na nyundo moja. Nikauona ule mlango wa siku ile, mmoja umeanguka na wa pili unatetemeka, na Shoto amesimama mguu mmoja juu ya hewa na mmoja juu ya ubao wa sanduku.

Niliacha chai nikaenda gerezani kwa miguu.

"Ile kazi nitaifanya mimi," nikamwambia Mkuu wa Gereza.

"Ulikataa."

"Nimeacha kukataa."

"Kwa nini?"

"Afande, huyu wa kwanza ni mpwa wangu. Kwa dada yangu. Nimemlea."

Alitazama dirishani. Maji yalikuwa yanashuka kwenye kioo.

"Mvua hii ina kelele sana," akasema. "Sijasikia ulichosema. Kazi unaitaka?"

"Naitaka."

"Basi usiseme chochote mtaani."

"Mimi?"

"Ndiyo, fundi. Wewe." Karibu atabasamu. "Yule mwingine nitampa vitanda vya askari atengeneze humu ndani. Watu wakiendelea kudhani mtambo ni wake, wadhani, naye nitamwapisha asikane."

Nimechagua mbao mwenyewe. Nzito, ngumu, imepasuliwa juzi, ukiikamua inatoa maji. Nikamweleza Mkuu kwamba mbao mbichi ikifanywa mlango itapinda, ikipinda itagoma, kwa hiyo ni lazima ikauke kwanza. Ni kweli kabisa, fundi yeyote atasema hivyo. Ila fundi yeyote angechagua iliyokwisha kukauka.

Sasa inyeshe. Inyeshe mpaka mwezi wa saba.

Ijumaa, 25 Aprili

Mvua. Mbao haijakauka.

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua kubwa. Maji yameingia karakanani mpaka kwenye vifundo vya miguu. Majirani wanalia na magodoro yao. Mtaa mzima anayeshukuru ni mimi peke yangu.

Jumanne, 6 Mei

Mvua. Mbao haijakauka.

Jumatatu, 12 Mei

Mkuu wa Gereza kaja mwenyewe. Kaweka kiganja juu ya mbao.

"Wakubwa wananiuliza ni mti gani huu."

Nikamsimulia mti mmoja niliowahi kuukata, ulichukua miaka mitatu kukauka, na siku ulipokauka ulitoa sauti mpaka mbwa wa mtaa wa pili wakakimbia. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Hadithi zako nazipenda, fundi," akasema. "Lakini nami nina watu juu yangu."

Alhamisi, 15 Mei

Leo jua lilichungulia. Nilichota maji nikamwagia mbao. Nilikuwa nimeinama na ndoo nilipoona miguu ya mke wangu. Sikuwa nimemwambia chochote juu ya kazi hii, si yeye wala mtu mwingine. Alitazama mbao, akanitazama mimi. Kisha akaenda kisimani, akarudi na ndoo ya pili.

Jumamosi, 17 Mei

Manyunyu. Mbao haijakauka.

Jumanne, 20 Mei

Jua.

Jumatano, 21 Mei

Jua.

Alhamisi, 22 Mei

Jua kali. Watu wametandaza nguo mpaka juu ya ua wangu, watoto wanapiga kelele barabarani. Tumemwaga ndoo mpaka mgongo umekataa, na mbao inayameza maji na kukauka tena kama haikuona kitu.

Jioni askari walikuja na gari wakazichukua mbao. Mkuu ameamua zitundikwe jikoni mwa gereza, juu ya majiko makubwa. Kwa hiyo chakula anachokula Shoto kinapikwa chini yake, na moto wa chakula chake unazikausha.

Jumatatu, 26 Mei

Nimeruhusiwa kumwona. Kati yetu kuna wavu. Amenyolewa, anafanana na siku alipoingia karakanani kwangu mara ya kwanza akauliza kama maranda yanaliwa.

"Mjomba, umenenepa."

"Ni koti."

"Mama yuko vipi?"

"Yuko." Halafu akasogea kwenye wavu.

"Wanasema anayetengeneza ni Misumari. Ni kweli?"

"Si kweli."

"Nani basi?"

Mimi ambaye nimewahi kuongea msibani mpaka mfiwa akacheka, nilishika wavu tu. Lakini Shoto alinijua tangu akiwa mdogo. Alitazama mikono yangu, kwenye kucha zangu kuna ile rangi nyekundu ya mbao ngumu.

"Ahaa," akasema.

Askari aliyekuwa mlangoni alijifanya kutazama kofia yake.

"Mjomba, wewe husema hakuna mlango uliowahi kukugomea. Ile ni kweli, au ni zile za kabati la mtoni?"

"Ni kweli."

"Kweli ya kweli?"

"Shoto. Ni kweli."

Akavuta pumzi akaitoa. "Basi vizuri. Kufa nimeshakubali, nilikuwa naogopa misumari." Akacheka kidogo, akajifuta pua kwa mkono wa kushoto. "Usimwambie mama mpaka yaishe. Akijua sasa hivi, atakuwa hana kaka wala mtoto."

Ijumaa, 30 Mei

Nimemaliza. Sijawahi kufanya kazi kama hii na sitafanya tena. Boriti mpya. Milango miwili imetoka kwenye ubao mmoja ili ichoke pamoja. Hakuna msumari hata mmoja. Nimepima kwa timazi, nimepima kwa pimamaji. Nimeujaribu kwa gunia la mchanga, Mkuu anavuta mkono wa chuma, na kila mara mbao zimeachana sawa kwa sawa, bila kukwaruza.

Kisha nikapanda nikasimama katikati, komeo likiwa limefungwa. Kwa kinyozi nimesimulia nilivyosimama hapo tangu ujana wangu. Leo ndiyo mara ya kwanza.

"Shuka, fundi," Mkuu akasema. "Tafadhali, shuka."

Jumanne, 3 Juni

Kanuni inataka fundi akae chumba cha chini, ili mlango ukigoma aufungue kwa mkono. Kwa hiyo nilikuwa chini. Juu nilisikia buti nyingi, na katikati ya buti, miguu mitupu.

Sikusikia mlango. Mlango mzuri hausikiki.

Daktari alishuka, yuleyule aliyekataa sindano. Alimshika Shoto, akasikiliza, akaitazama saa yake. Akasema alikwenda papo hapo. Nilimuuliza kama ana hakika. Akasema, "Mzee, sijawahi kuwa na hakika hivi."

Kamba ilipotulia niliona mkono wa kushoto wa Shoto. Vidole vilikuwa vimelegea, havikukunja ngumi.

Ijumaa, 6 Juni

Mdogo wangu amekuja karakanani. Tangu ile siku ya Tume hakuwahi kukanyaga hapa. Aliketi kwenye kigoda, akaokota randa, akaigeuzageuza mkononi.

"Wameniambia hakuteseka," akasema. "Lakini si lazima waseme hivyo? Huwa wanasema hivyo kwa wote."

"Hakuteseka."

"Umejuaje?"

Shoto aliniomba nisiseme mpaka yaishe, na yalikuwa yameisha. Nikamwambia. "Nilikuwepo. Mtambo ule niliutengeneza mimi, si Misumari. Kwa mikono hii. Mbao ngumu, hakuna msumari. Nilikaa chini yake. Haukutoa hata sauti, mdogo wangu. Hakujua kimempata nini."

Nilipomaliza ndipo niliposikia kwamba ni maneno yaleyale ya siku ya Tume.

Hakukasirika. Alinitazama vile wanavyonitazama kwa kinyozi ninapofika pale ambapo kabati linafunguliwa na nguo ziko kavu.

"Kaka," akasema. "Hata leo?"

Nilitafuta cha kuapia. Niliangalia randa, misumeno, mikono yangu mwenyewe. Midomo yake ilikuwa imeanza kutetemeka, na nikaona anakwenda kubaki na usiku wote uliosalia wa maisha yake akiuona mlango wa masanduku, mmoja umeanguka na mmoja umebaki.

"Nimetia chumvi," nikamwambia. "Nisamehe. Ni Misumari. Lakini kuna askari ninayemfahamu alikuwepo, si mtu wa maneno mengi. Kaniambia Misumari aliifanya kazi vizuri ajabu. Alitumia mbao ngumu. Ilikuwa mara moja tu, papo hapo."

"Huyo askari kasema hivyo? Si wewe?"

"Kasema yeye."

Hapo akaniamini. Aliweka randa chini akalia, kilio kirefu kilichotoka mbali, na mabega yake yakashuka. Alipomaliza alijifuta uso, akatazama ng'ambo ya barabara, ambako Misumari alikuwa amepiga magoti anagongomea kitanda.

"Nilimtemea mate," akasema. "Nikienda kumshukuru, itakuwa vibaya?"

Nikamwambia aende.